Kipande cha Tatu

Kitabu kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa wanne. Mwalimu ndiye aliyekikata. Alikilaza juu ya meza nyumbani kwake, mtaa wa Katuba, akapitisha wembe kwenye mgongo wake mara tatu, kisha akashona kila kipande kwa uzi wa viatu na kukivika jalada la karatasi ya mfuko wa unga. Nilikionea kitabu huruma. Yeye alisema tukikiacha kizima, msomaji wa mwisho atakingoja hadi Krismasi.

Tulikutana kwake Jumapili saa tisa mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na kula bukari, ugali wetu. Mwalimu alifundisha shule ya msingi. Wazazi wake walitoka Kasai. Wa pili alikuwa mwuguzi wa zahanati, mama mwenye sauti nzito aliyesomea kwenye zamu zake. Wa tatu alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Mimi nilikuwa mpiga taipu ofisini, mdogo kuliko wote, na waliniita Sekretere.

Kila kipande kilikaa kwa mtu wiki mbili, kisha kikahamia kwa jirani yake. Mwalimu alianza na cha kwanza, kama inavyostahili. Mwuguzi alianza na cha pili, fundi na cha tatu, na mimi nikaangukiwa na cha nne, hivyo nilijua mambo yalivyoishia kabla ya kujua yalikoanzia. Mazungumzo yetu yalikuwa ya ajabu. Mmoja alimsifu mtu ambaye mwenzake alikuwa amekwisha kumwona akigeuka. Fundi, akijua jambo ambalo wengine hawakulijua, alitafuna karanga kwa nguvu ili mdomo wake uwe na kazi. Tulikuwa na sheria moja: aliyetangulia hamwambii aliye nyuma.

Kitabu kilisimulia nchi isiyopata mvua. Chifu wake alikataza watu kutamka neno ukame, na kila asubuhi walisalimiana kwa kuambiana kwamba jana imenyesha.

Wazo la daftari lilikuwa langu. Ofisini nilifundishwa kwamba kila mkutano una ripoti, basi nikanunua kaye ya kurasa mia moja na kuchora safu kwa rula: tarehe, jina la msomaji, kipande, ukurasa aliofikia, maoni. Safu ya maoni ilibaki nyembamba. Iliingia sentensi moja fupi, na nilijivunia ustadi wa kuyabana maneno ya watu humo. Jioni niliyasoma tena peke yangu na kuona kwamba nimewapata wote, sauti na kila kitu.

Jumapili moja, mwalimu akiwa amefika katikati ya kipande cha tatu, alikifunga juu ya goti.

"Huyu chefu, mi namujua," alisema.

Tukangoja. Akasimulia kwamba ni mjomba wake wa Kasai, kabisa. Mbuzi wa mjomba huyo alikufa, naye akakataza mtu yeyote nyumbani kusema amekufa, na kwa wiki nzima watoto walipeleka majani kwenye zizi tupu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao. Alituonyesha jinsi walivyomwita mbuzi kwa jina, kwa heshima, na jinsi mjomba alivyosimama nyuma yao kuhakikisha wanaita vizuri. Mwuguzi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Katika safu ya maoni niliandika: Anamjua chifu huyu. Mbuzi hakuenea kwenye safu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tukizibua mfereji. Kiongozi wa chama wa mtaa wetu alipita akiwa na abakosti safi, ile suti isiyo na tai, na beji ya Rais kifuani. Alinisalimu kwa upole na kuniuliza tunafanya nini kwa mwalimu kila Jumapili. Nikamwambia tunasoma vitabu.

"Bitabu tu?"

Nikasema vitabu tu. Alisema hana shida nasi, ila kuna watu wanaosema mengine, na angefurahi siku moja kusikia maelezo mafupi. Alikuwa ameshaanza kuondoka. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote: alikuwa amenipa mgongo.

"Tuko na kaye," nilimwambia. "Kila kitu imeandikwa."

Hakuna aliyeliomba daftari. Nililitoa mimi, kwa sababu niliamini kwamba mtu akiona safu zile, tarehe zile, kurasa zile, hataweza kutufikiria vibaya. Nilikimbia nyumbani kulichukua. Mikono yangu ilikuwa na tope, nikainawa kwanza kwa sabuni ili nisilichafue. Alilifungua palepale kando ya mfereji, mbele ya mtaa mzima, akafunua kurasa kadhaa polepole.

"Unaandika muzuri, sitwayene," alisema, akiniita raia kama chama kilivyotaka tuitane, akaliweka kwapani.

Jumatano wanaume wawili walikwenda shuleni. Mwalimu aliwaachia watoto zoezi la hesabu ubaoni, akachukua mkoba wake na kufuatana nao. Kipande cha tatu kilikuwa ndani ya mkoba. Jumapili ya wiki ile ndipo alipopaswa kunikabidhi.

Mke wake alibeba chakula kutoka ofisi moja hadi nyingine na kurudi nacho. Sisi watatu hatukukutana tena. Siku moja mwuguzi alinikuta sokoni, nikichagua matembele. Hakunisalimu.

"Uliandika mambo ya mbuzi?"

Nikamwambia hapana. Alinunua fungu lake la mboga, akaenda.

Nilikwenda kwa yule kiongozi. Nilimsimulia habari yote, mjomba, zizi, majani, na hata nilijaribu kumwita mbuzi kama mwalimu alivyomwita. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema daftari limepanda juu, halipo tena mikononi mwake, na kwamba yeye mwenyewe alilisoma lote kabla ya kulipeleka.

"Mbuzi haiko mu kaye," alisema.

Wiki saba zilipita. Upepo ulileta moshi wa kiwanda juu ya Katuba, ukaondoka, ukarudi. Kila mlango wa gari uliofungwa mtaani ulinisimamisha nilipokuwa. Kisha mwalimu akarudi. Alikuwa amekonda, na alikuwa na namna mpya ya kukaa ukingoni tu mwa kiti, kama mtu anayetarajia kuambiwa ainuke. Hakusema alikokuwa. Alimtuma mkewe atuite Jumapili, saa tisa kama kawaida.

Daftari lilikuwa juu ya meza. Yule kiongozi alikuwa amelileta mwenyewe asubuhi ile, na salamu za kutuhimiza tuendelee. Kila ukurasa ulipigwa muhuri, hata zile ambazo hazijaandikwa kitu. Mkoba wa mwalimu ulining'inia msumarini mahali pake, ukiwa bapa.

Mwalimu alinisogezea kalamu. Nilichora mstari, nikaandika tarehe, nikaandika jina lake. Sikuweza kuinua uso. Nilimwuliza kipande cha ngapi.

"Ya tatu."

Nilimwuliza ukurasa. Akasema amemaliza. Ilibaki safu moja.

"Baba Mwalimu," nikasema, "iko namna gani?"

Alinitazama bila hasira. Ningependa kuandika kwamba niliona hasira.

"Iko muzuri," alisema. "Andika vile."

Nikaandika, nikangoja yaliyobaki, kama tulivyozoea kumngoja. Fundi akasema chake pia ni kizuri. Mwuguzi akasema kizuri. Tuliendelea miezi mitano, na safu ile ikajaa neno hilo kutoka juu hadi chini, mpaka mwalimu akahamishiwa shule ya mbali, upande wa Kasomeno. Hakuniuliza kamwe juu ya daftari, na mimi sikumwambia kitu.

Vipande vitatu ninavyo mimi. Sikuwahi kupata nakala nyingine. Miaka mingi baadaye nilimwomba fundi, akiwa mzee na mgonjwa, anisimulie kile cha tatu. Alisema sheria ni sheria, aliye nyuma haambiwi. Hakuwa akitania.

Cha pili kinaisha mtu mmoja akiitwa barazani kwa chifu, naye anavaa viatu. Cha nne kinaanza amekwisha kurudi. Amesimama mlangoni, na anawaambia majirani kwamba jana imenyesha.