Suruali Pana

Juzi binti yangu alinunua suruali pana, nikakumbuka chumba cha video kule Kimanga, mtaa wa mji tulikopata hifadhi utotoni, kilichonuka moshi wa jenereta. Tulikuwa tumekimbia vita kijijini kwetu, Luberizi. Watoto wa mjini walikaa kwenye mabenchi, sisi wakimbizi chini, na kila mlio wa bunduki kwenye filamu ulitugeuza kutazama mlango. Nilivaa suruali ya msaada, ya mtu mzima, nimeikunja mara nne.

Kwenye televisheni akatokea Mwamerika mweusi akiimba rap kwa hasira, suruali yake ikiburuta.

“Yaya,” nilimwambia dada yangu, “ule naye alikimbia vita.”

Chumba kizima kilicheka.

“Weye, ule iko tajiri,” alisema mwenye video.

Leo najua hakudanganya. Alasiri ile sikumwamini. Nilikunjua suruali yangu, nikarudi nyumbani ikiburuta vumbini.