Rubani Aliyeuliza Habari za Watoto

Mkiniita mwongo sitagombana na mtu. Mimi ni mjane wa Kilutheri, nina kahawa na migomba yangu hapa Nkoaranga, na sina sababu ya kumtungia marehemu maneno. Haya yalinipata mimi, tena jua lilikuwa halijazama.

Asubuhi ya siku hiyo ndege ya kijeshi iliyokuwa kwenye majaribio ilipita juu ya mapaa yetu, chini mno, ikinguruma vibaya. Ilielekea moja kwa moja kwenye uwanja wa shule ya msingi, na watoto walikuwa nje. Halafu ikainuka kidogo, ikapinda kuelekea mlimani, ukungu ukaimeza. Tukasikia mshindo. Wanajeshi wakapanda msituni kumtafuta rubani.

Jioni nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikamkuta kijana ameketi kwenye njia ya shambani. Amevaa ovaroli ya kijani, buti zimejaa tope. Ungedhani nini? Mimi nilidhani ni mmoja wa wale waliokuwa wakitafuta, amechoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekaa kwenye baridi?"

Nikaenda nyumbani nikamletea kikombe cha mtori, ule mchuzi wetu wa ndizi, wa moto kabisa. Hakunywa. Alikikumbatia tu kwa viganja. Kisha akauliza, "Mama, wale watoto pale uwanjani, kuna aliyeumia?"

"Hata mmoja. Wote wamerudi makwao."

Niamini, sijawahi kuona uso ukifunguka namna ile. Alicheka huku machozi yanamtoka. "Niliogopa sikuivuta ndege juu vya kutosha," akasema.

Hapo nikajua ni rubani mwenyewe, nikarudi hatua moja nyuma. Lakini nimkimbie mtoto wa mtu, naye analia? Nikakaa naye palepale kwenye nyasi.

"Mama yangu atakuja," akasema. "Mwambie sikuusikia moto. Asipokuamini, mwambie amesema Mzee. Ndivyo anavyoniita."

Nikapokea kikombe. Nilipoinua macho, njia ilikuwa tupu. Mtori ulikuwa umejaa vilevile, baridi kama maji ya mtoni. Punde jirani yangu akaja mbio kuniambia kwamba rubani ameshapatikana, amekufa, wamemshusha tangu mchana.

Mama yake alikuja baada ya mazishi, kutoka Singida, aone mahali mwanawe alipoangukia. Mwanamke mwembamba, mkimya. Jeneza hawakumfungulia, na alikuwa na swali moja ambalo kila mtu alilikwepa: mwanangu aliungua akiwa hai? Nikampa ujumbe. Akanitazama kwa hasira, kama vile namfanyia mzaha. Nikasema, "Amesema Mzee."

Akaniangukia kifuani, akalia mpaka kanga yangu ikalowa. Baadaye akanieleza kwamba utotoni kijana wake alipenda kutembea mikono nyuma kama mstaafu, ndipo akamwita hivyo. Jina hilo halikutoka nje ya nyumba yao.

Sasa tunapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada. Viganja vyangu tangu siku ile havipati joto, hata niote moto jikoni. Daktari hakuona kitu. Sijutii.

Nawe ukipanda huku wakati ukungu umeshuka, ukamkuta mtu amekaa peke yake njiani, usikimbie. Wala usianze kumhoji anatoka wapi. Mwache kwanza aulize, umjibu ukweli, maana huenda asimpate mwingine wa kumjibu.