Kupiga Hodi Baharini

Mimi nna hasira za karibu, na farasi hapatani na mtu wa hasira. Kiwengwa ndiko nilikofunzwa adabu hiyo, miaka ile mahoteli yalipoanza kujaa pwani. Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni waliopanda farasi. Niliyempenda kuliko wote alikuwa jike mmoja mwekundu, mpole kama maji ya mtungi.

Mpole, ila pahala pamoja tu: penye mashamba ya mwani. Maji yakipwa, kina mama huinama kufunga mwani kwenye kamba, na kwa mbali unaona nguo tu zimetuna kwa upepo. Ukikaribia, nguo inainuka, kumbe mtu. Jike wangu akiona hivyo hulaza masikio, akaruka kando na kuzunguka. Nikimvuta hatamu anazidi. Nikimgombeza, basi tena.

Siku moja akamwangusha mgeni mchangani. Mgeni hakuumia, lakini tajiri wangu alikuja juu.

"Akiangusha mwengine namuuza," akasema. "Kuna mtu mjini anataka wa kuvuta gari la mizigo."

Nimezaliwa mjini, najua wanyama wa magari yale wanavyopigwa. Usingizi uliniruka.

Nikawa namchukua asubuhi peke yetu, nampitisha taratibu nikiwa chini. Bibi mmoja wa kijijini akainuka ghafla kutoka kwenye mwani wake, farasi nusura anikanyage.

"Shikamoo, Bi," nikasema, nimenuna.

"Marahaba. Kwenu mjini mnaingia kwa watu bila ya hodi?"

"Nyumba iko wapi hapa, Bi?"

"Hii unayotaka kuikanyaga." Akanionesha kamba zake.

Nilikasirika, sisemi uongo. Kesho yake, kwa kumkomoa tu, nikapiga hodi tangu mbali, ndefu, kama muuza samaki. Kina mama wakacheka, wakaitikia wote, "Karibu!" Farasi akasimamisha masikio, akawatazama, akapita. Alishasikia watu kabla ya kuona nguo.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Wageni waliniona nna wazimu, na kina mama wakapata wa kumtania. "Karibu," wataniambia, "posa umekuja nayo?" Yule Bi nilishamweleza habari ya gari la mjini. Alinisikiliza huku akifunga mwani wake.

Tajiri akaja siku ya upepo, akataka kumpanda mwenyewe aone kama kapona. Akanambia nifuate nyuma na nisifungue mdomo, kwani farasi aliyepona hapigiwi makelele. Nikafuata. Mbele kina mama wameinama, nguo zimetuna. Jike akalaza masikio, akaanza kwenda upande upande. Tajiri akavuta hatamu, farasi akazidi. Nikajua keshauzwa.

"Karibu!"

Alikuwa yule Bi, bado kainama, hata hakugeuka. Wenziwe wakaitikia mmoja baada ya mwengine, mpaka mwisho wa mashamba: karibu, karibuni, pita. Farasi akashusha shingo, akatembea katikati ya sauti zao.

"Wanamkaribisha nani?" akauliza tajiri.

"Wewe, tajiri," nikamwambia. Machozi yananitoka, nami sikuyafuta.