Kaptula ya Shemeji na Radi ya Pisini

Sitaki kujificha, jamani: mimi niliwahi kutoka pisini, bwawa la kuogelea, nimejifunga kitenge cha mwanamke, mbele ya mama mkwe wangu.

Ilikuwa sikukuu ya komunyo ya kwanza ya mpwa wetu, katika hoteli moja hapa Lubumbashi, majira ya mvua lakini jua linawaka vizuri. Nilikuwa nimesahau nguo ya kuogelea, basi nikaazima kaptula ya shemeji yangu (mtu wa tumbo, na mimi mnanijua nilivyo mwembamba), nikaona uvivu kutafuta kamba ya kuifungia, nikaruka majini kuwafurahisha watoto, na kaptula ikanivuka, ikazama kule kwenye kina, na kupiga mbizi sijui. Nikajibana ukutani, nimeshika ngazi ya kupandia, nikingoja watu waende kula.

Ndipo ngurumo ikasikika, mbali, upande wa Kasumbalesa. Odia, rafiki wa mke wangu anayefundisha watoto wa shule kuogelea, aliweka sahani yake chini, akapiga mluzi kwa vidole, akasema wote watoke. Watoto wakalalamika kwamba jua bado lipo, naye akawaeleza bila kukasirika kwamba ukishasikia ngurumo, radi inaweza kukufikia, na hakuna kurudi majini mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wakatoka wote. Mimi nikabaki, najifanya shujaa, nasema bado iko mbali, huku mawingu yanatufunika. Mjomba wa mke wangu akauliza kwa sauti kama nimelewa.

"Bote muingie mu salle," Odia akasema. "Musisimame chini ya miti."

Wakaenda ukumbini. Yeye akarudi peke yake chini ya mbingu ile nyeusi, akachuchumaa ukingoni, akaniambia niachie ngazi ya chuma, kisha akauliza polepole, "Papa Serge, uko na shida gani?"

Nikamnong'oneza. Hakucheka. Alifungua kitenge chake cha juu (mama zetu huvaa viwili), akakitandaza karibu na mkono wangu, akageuza uso.

"Toka sasa. Mi siangalie."

Na kweli hakuangalia. Aliyeangalia ni mama mkwe, kasimama mlangoni na taulo akinitafuta, akaniona napanda na maua mekundu kiunoni, nateleza, napiga magoti. Odia akaninyanyua kwa mkono, tukakimbia. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia, radi ikapiga mkaratusi ulio nyuma ya pisini, magome yakaruka hadi majini, taa zikazimika.

Nilikaa ukumbini na kitenge changu, wakwe wananitazama. Ila mimi nilikuwa namtazama Odia. Alikuwa anawatuliza wadogo waliokuwa wanalia, anawazuia wakubwa waliotaka kurudi kila mvua ilipopungua, na ngurumo mpya ikilia anaanza kusubiri upya, hachoki, hapigi kelele. Nikamfuata kumshukuru, nikajitetea kwamba niliona haya.

"Siku ingine toka hata butupu," akanijibu, yaani hata uchi. "Haya mbele ya bantu bote inapita. Ungekufa, bibi yako, rafiki yangu, ningemuambia nini?"

Nikamwapia palepale, na kiapo changu ni kilekile mpaka leo: ngurumo ikilia, hata iwe mbali huko Kasomeno, mimi natoka majini kabla ya watoto, vyovyote nilivyovaa.