Pamba Niliyomchorea Yaya

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliingia siasa kwa sababu ya aibu. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya hamsini alikuwa muniteri wa pamba kati ya Baraka na Fizi. Alipita mashambani na daftari, akiandika nani amelima kipande chake na nani hajalima. Pamba ilikuwa kazi ya Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, na aliyeandikwa vibaya alifungwa gerezani. Siku moja aliandika jina la baba mkwe wake. Aliporudi nyumbani, mke wake hakumpakulia chakula. Wiki ile ile akaacha kazi.

Chama cha walimaji kilipofika kwetu, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na uchaguzi ulipotangazwa akagombea. Alizunguka vijiji vyote kwa baiskeli, mlima wa Fizi akiupanda huku akiisukuma, na aliahidi jambo moja tu: kila mtu alime anachotaka. Watu walimpenda. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilimwandikia hotuba. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alibandika picha ya alama yake kwenye sanduku lake la kura, na kuchora nilijua.

"Mudogo wangu, chora muhogo," aliniambia.

"Muhogo? Batafikiri unauza chakula. We ni mutu wa pamba."

"Nilikuwa."

"Bakiona pamba, batakujua mara moja."

Akacheka. "Haya. Mwalimu amesema."

Nilichora tunda la pamba lililopasuka, jeupe. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Siku ya kura wanaume waliingia mmoja mmoja, wengine wakimpungia yaya mkono kwa mbali. Sanduku lake lilipofunguliwa, karatasi zote zilienea kwenye kiganja kimoja.

Kesho yake asubuhi alikuja baba mkwe, kofia mkononi.

"Mutoto wangu, mi nakupenda," alisema. "Nilifika mpaka mbele ya sanduku. Nilijua ni lako. Lakini pamba, kuipa tena kitu kwa mukono wangu... mukono ulikataa."

"Keti, baba," yaya alimjibu, akamsogezea kiti. Mimi hakuniangalia.

Siasa yake iliishia hapo. Alihamia Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, mke akabaki kwa wazazi wake. Nilikaa miezi michache darasani, kisha nikamfuata. Nilitaka anitukane, yaishe. Nilimkuta ameinama mtoni, anaosha mchanga, mgongo umemkonda.

"Yaya, ni mimi nilikuangusha."

Aliendelea kutikisa karai lake.

"Ulichora muzuri, mudogo," alisema. "Kila mutu aliitambua."

Nilitafuta dhihaka katika sauti yake, sikuisikia. Kama ingekuwapo, huenda ningeweza kubaki. Nilipanda meli Baraka, na tangu hapo sijakaa mji wowote miaka miwili.