Kadi za Jumanne

Katika soko la Kasulu, upande wa wauza vitenge, kuna kibanda cha bati ambacho upana wake hauzidi kitanda. Humo ndimo anamofanyia kazi Jeanne Ndayikeza, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Arielle. Kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye kadi za memori. Mtu huja na kadi ndogo kama ukucha, hutaja anachopenda, naye huichomeka kwenye kompyuta yake kongwe na kumrudishia ikiwa imejaa nyimbo za kumtosha kuanzia kupanda maharage hadi kuvuna.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na redio moja iliyofungwa kwenye shuka. Yeye alizaliwa upande huu, na uraia aliupata akiwa tayari na watoto watatu. Alianza enzi za kaseti, zikaja CD, sasa ni memori. Vyombo vimebadilika mikononi mwake lakini desturi yake ni ile ile: hauzi wimbo ambao hajausikiliza mpaka mwisho. Hata wimbo mbaya huusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayepokea habari za mgonjwa.

Kwa sababu ya desturi hiyo, bendi ya Vumbi la Juni ilipomaliza albamu yake ya pili, ilimpelekea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Vumbi la Juni ni watu wanne wa hapa hapa wanaopiga roki. Albamu yao ya kwanza ilikuwa na nyimbo nane, na zote zilikuwa za kugomba: vizuizi vya mazao barabarani, mbolea inayofika mahindi yakishakomaa, mgeni rasmi anayesubiriwa tangu asubuhi na haji. Watu waliipenda kwa kuwa ilisema kwa sauti kubwa mambo waliyokuwa wakiyasema kwa sauti ndogo. Hii ya pili, Shamba Bila Mpaka, ilikuwa na nyimbo ishirini na moja. Ilianza na gitaa la kukwaruza na wimbo mkali uitwao Kizuizi. Kisha ikaingia rumba, ikaingia kwaya, zikaja ngoma, ukaja wimbo mzima wa mashine ya kusaga ikinguruma huku mtu akitaja majina ya vijito. Mwisho kabisa alikuwapo bibi mmoja anayembembeleza mtoto kwa Kiha, bila ala yoyote. Bibi huyo ni mama yake Ildefonsi, mwimbaji wa bendi. Walimrekodi jikoni kwake, Busunzu.

Siku Ildefonsi alipoileta, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha Mama Arielle, kama ninavyofanya mara nyingi nikitoka chuoni.

"Mama, naomba kitu kimoja tu," alisema. "Usiikate na usiichanganye. Kupanga nyimbo hizi kumetuchukua miezi mitatu."

"Nikiiharibu, usiniletee tena kazi yenu," Mama Arielle alijibu. Alisema kwa wepesi, lakini namjua. Neno lake ndilo duka lake.

Kadi za kwanza zilitoka Jumamosi. Jumanne wakaja wengi zaidi. Wiki haikuisha kabla mji haujagawanyika.

Wapo waliosema Vumbi la Juni sasa wameiva. Wapo waliosema wamelewa sifa. Mzee mmoja wa kwaya aliomba apewe wimbo wa kwaya peke yake, kama mtu anayetaka kiazi kimoja kutoka kwenye gunia. Hapo sikushangaa, albamu pana hivyo lazima kila mtu akute ndani yake chumba asichokipenda. Kilichonishangaza ni malalamiko mengine: kwamba bendi imelala usingizi, imeacha kuwasema wakubwa, tena labda imenyamazishwa. Maneno hayo yalimfikia Ildefonsi. Mpiga ngoma wake, Reverien, alikuwa ameipinga albamu ndefu tangu mwanzo, na sasa alipata nguvu. Ikaamuliwa kuwa Jumamosi inayofuata litatoka toleo fupi la nyimbo nane, kali tupu. Bibi wa Busunzu angeondolewa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, mbele ya kibanda, walikutana watu wawili. Mmoja ni Saidi, dereva wa bodaboda, ambaye hupiga muziki hata akiwa amezima pikipiki. Mwingine ni Niyonkuru, mkulima wa Rungwe Mpya, aliyekuja na redio yake ndogo kwapani.

"Mama Arielle, hawa vijana wa Vumbi la Juni mmewafanya nini?" Niyonkuru alianza. "Nimeitundika redio kwenye mti, tumeshika majembe watu sita, anatoka bibi anabembeleza. Shemeji yangu akakaa chini. Nikamwambia inuka, akasema wimbo umemwambia alale."

Saidi akacheka. "Dada, hiyo albamu inaanza na Kizuizi. Inawaka kama nyasi za Agosti."

"Inawaka wapi? Nimelima nayo siku tatu."

"Labda ulisinzia ukaamkia mwishoni."

"Mimi nisinzie? Wewe unayelima barabara kwa matairi ndiye wa kunifundisha?"

"Basi hamkubonyeza vizuri."

"Mikono yetu ina udongo mpaka kwenye kiwiko, baba. Shambani hakuna wa kubonyeza. Inaimba inavyotaka."

Waliokuwa jirani walicheka. Mama Arielle hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua redio ya Niyonkuru, akaiwasha. Akatoka bibi. Baada ya bibi ikaja mashine ya kusaga na vijito vyake. Akaizima, akauliza kadi ilinunuliwa siku gani.

"Jumanne ya wiki iliyopita. Umeme ulikuwa umerudi kidogo, nawe ukatujazia haraka haraka."

Hapo nikamwona akishika ukingo wa meza. Redio ndogo kama zile hazisomi namba za nyimbo. Hupiga kwanza ule ulioingia kwanza kwenye kadi. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake sokoni jambo hilo. Jumamosi aliziingiza nyimbo moja moja, kuanzia ya kwanza. Jumanne, umeme ukitishia kukatika tena, alizichagua zote kwa pamoja kwenye kompyuta, kuanzia ya chini kabisa, na zote zikaingia kinyumenyume. Nusu ya mji ilikuwa ikibishana na nusu nyingine juu ya albamu mbili.

Saidi na Niyonkuru walipoondoka, bado wakitaniana, nilimwambia kwamba hakuna anayejua.

"Mimi najua," alisema. "Na yule bibi anaondolewa kwa kosa langu."

Alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hulifanya kukiwa na msiba tu, akaenda kwenye karakana ya kuchomelea ambako Ildefonsi hutengeneza madirisha. Nilifuatana naye. Ildefonsi alivua miwani myeusi, akasikiliza maelezo yote akiwa ameshika kipande cha nondo.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

"Kimoja."

"Watu wakatuita waoga."

"Ndiyo. Nimekuja ili Jumamosi usiikate albamu kwa kosa langu. Kuhusu kuniletea kazi, neno nilishalisema mwenyewe."

Reverien, aliyekuwa amekaa juu ya mtungi wa gesi, aliuliza kama anaweza kuisikia ya Jumanne. Mama Arielle alikuwa na kadi moja mkobani. Waliisikiliza yote, wakizima mashine ya kukatia vyuma kila mara mteja alipoondoka. Kizuizi kilipofika, mwisho kabisa, Reverien alikuwa akipiga mapaja yake kwa viganja.

"Sikujua mama yako anaimba vile," alimwambia Ildefonsi. "Mimi huwa nachoka kabla sijamfikia."

Toleo fupi likafa hapo hapo, bila kikao. Ildefonsi alisema kuwa kazi ijayo ataileta, ila atakaa mwenyewe kwenye kile kiti cha plastiki mpaka kadi ya mwisho ijazwe, hata umeme ukirudi usiku wa manane. Mama Arielle alisema ni haki. Akaomba naye aruhusiwe kutangaza kosa lake.

Akatangaza kwa kipaza sauti cha muuza dawa za panya: mwenye kadi ya Jumanne airudishe, itapangwa upya bila malipo. Zikarudi nne. Wengine walisema wameshazoea. Mabishano hayakwisha, yalipata tu majina, watu wa Jumamosi na watu wa Jumanne, na mzee wa kwaya bado anataka kiazi chake.

Niyonkuru alikuja wiki iliyofuata akinong'ona, jambo ambalo sikudhani kama analiweza.

"Sirudishi, Mama Arielle. Tukimaliza tuta la mwisho, Kizuizi ndiyo inaanza, tunafika nyumbani tunaimba. Namwombea na dada yangu moja. Ile ile ya kinyume."

"Ya kwako ni yako," Mama Arielle alimwambia. "Lakini mimi siitoi tena. Ilivyopangwa na wenyewe ndivyo inavyotoka hapa."

"Moja tu, nani ataona?"

"Mwambie dada yako aje alime kwako."

Niyonkuru akaona hapo hapana njia.

"Atakuja," alisema. "Ana jembe zuri."