Karibu Tule

Tangu Vasemaca ajifungue, magauni yake yalizidi kumpwaya kila wiki. Chakula kilikuwapo. Mama mkwe wake, Bi Laite, alimletea kila adhuhuri bakuli la samaki wa tui na mihogo, akaliweka mkekani, akarudi zake kwake. Mume alikuwa Australia akichuma matunda. Naye Vasemaca, aliyekulia katika nyumba ya watu kumi na wanne, hakuweza kumeza akiwa peke yake.

Basi akawa anaketi mlangoni na mtoto mapajani, akimwita kila apitaye, kama ilivyo desturi ya kijiji chochote cha Fiji.

"Karibu tule!"

"Asante mwanangu, wewe kula tu!" Nao wakapita, maana hiyo nayo ni desturi.

Siku moja Bi Laite akakuta bakuli la jana halijaguswa. "Wewe mtoto, unaniumbua! Shingo imekuwa kama ya korongo. Kanisani wanasema namnyima mkaza mwanangu chakula!"

"Si chakula, mama. Na maziwa yanapungua, naogopa. Kaa ule nami."

"Mimi nimeshakula."

"Kaa tu, basi."

Bi Laite akamtazama mjukuu, aliyekuwa akinyonya na kulia. Akaketi, akamega muhogo asiouhitaji, akautafuna polepole. Vasemaca akala samaki wote, machozi yakimdondoka.

"Na kesho, mama?"

"Kesho nina kikao cha kina mama," Bi Laite akasema akiinuka. "Lakini nitakaa nawe kidogo."